Barua mpya hutaka karatasi mpya

Na MWANDISHI WETU

HEBU tuchukue familia moja ya mtaa wa Buruburu, jijini Nairobi. Ndugu ni sita. Wawili wanaishi hapa jijini, mmoja yuko Mombasa, mwingine Eldoret, mmoja anafanya kazi Doha nchini Qatar, na kitinda mimba yuko Minnesota, Marekani. Mama yao mzee amebaki nyumbani Kakamega.

Kwa vile saa zao za kulala na za kuamka hazilingani, ndugu hawa huzungumzia mambo mazito kwa barua pepe. Mmoja akiandika, barua huwafikia wote sita kwa mara moja.

Mwezi wa Aprili kulikuwa na harusi ya mpwa wao. Barua yenye kichwa "Sare za harusi" ilizunguka na kujibiwa zaidi ya mara sitini. Je, kitambaa kiwe cha kitenge au cha hariri? Rangi iwe ya maziwa au ya samawati? Fundi wa Gikomba alipwe nusu au yote? Yule wa Doha, ambaye hata hangehudhuria harusi, alichoshwa na mjadala huo. Akabonyeza amri ya kuyanyamazisha mazungumzo yale, akaendelea na kazi zake.

Mwezi wa Juni mama akalazwa hospitalini. Dada mkubwa alitaka kuwafikia wote upesi, kwa hivyo akafanya jambo ambalo wengi wetu hulifanya bila kufikiri. Alitafuta barua ya mwisho iliyokuwa na anwani za ndugu zake, akabonyeza kitufe cha kuwajibu wote, akaandika kwamba mama atapasuliwa Ijumaa na hospitali inataka malipo ya kwanza kabla ya siku hiyo. Kichwa cha barua kilibaki kile kile: "Sare za harusi".

Wanne walijibu siku hiyo hiyo. Wa Doha hakujibu. Ijumaa ilipofika, dada alilazimika kukopa katika chama chake cha wanawake. Kufikia Jumapili minong'ono ilikuwa imezagaa ukoo mzima kwamba pesa za Waarabu zimemfanya fulani amsahau aliyemzaa. Na kumbe masikini hakuwa ameona hata neno moja.

Familia hii ni ya mfano tu, mpenzi msomaji, lakini nadhani wengi wataitambua. Dada hakukosa adabu, wala hakukosa elimu. Alichokosa ni kujua kazi inayofanywa na kile kitufe cha kujibu pindi anapokibonyeza.

KARANI WA MASIJALA

Wazazi waliowahi kufanya kazi katika ofisi za serikali watakumbuka masijala. Hicho ni chumba chenye kabati za chuma na mafaili ya manila, na karani mmoja ambaye bila yeye hakuna barua inayopatikana. Barua rasmi ilipoingia, karani huyo hakusumbuka kusoma habari yote. Aliangalia mstari wa "KUMB", yaani kumbukumbu nambari, kisha akaitia barua katika faili yenye nambari hiyo.

Ukiandika juu ya maji machafu ukaweka kumbukumbu nambari ya faili ya nyumba za walimu, barua yako ilikwenda kulala na nyumba za walimu. Afisa wa maji angeweza kuisubiri hadi astaafu.

Barua pepe hufanya kazi kwa mtindo huo huo. Kila inapotumwa, hupewa nambari yake ya pekee, ambayo ni mlolongo wa herufi na tarakimu wenye alama ya @ katikati. Unapobonyeza kitufe cha kujibu, programu huichukua nambari ya barua unayoijibu na kuiandika ndani ya barua yako, mahali ambapo macho yako hayafiki. Pamoja nayo huandika pia nambari za barua zilizotangulia katika mazungumzo hayo. Barua inapomfikia mwenzako, programu yake huzisoma nambari hizo na kuiweka barua katika uzi wa mazungumzo unaohusika.

Anayetaka kuziona nambari hizi anaweza. Kwa wanaotumia Gmail kwenye tarakilishi, fungua barua yoyote iliyojibiwa, bonyeza vile vitone vitatu vilivyo pembeni mwa barua, kisha chagua kuiona barua katika hali yake ya asili. Utakutana na maandishi mengi ya kutisha. Usiogope. Tafuta mstari unaoanza kwa neno "References", nao ndio KUMB ya barua pepe. Mazungumzo yakiwa yamejibiwa mara kumi, utakuta huenda msururu wa nambari kumi umejipanga hapo kama abiria kwenye kituo cha matatu.

Mpango huu si mgeni. Mmarekani Ray Tomlinson alituma barua ya kwanza kutoka tarakilishi moja hadi nyingine kwa mtandao mwaka wa 1971, na ndiye aliyeichagua ile alama ya @. Utaratibu wa nambari za kumbukumbu ulikuwa tayari umewekwa katika waraka wa kiufundi nambari 822, ulioandaliwa na David Crocker na kutolewa Agosti 1982. Waraka wa Oktoba 2008, ambao ni nambari 5322, unaeleza kwamba nambari hizi huwekwa barua inapokuwa jibu, na kwamba zinaweza kutumiwa kuutambua uzi wa mazungumzo.

Waraka huo pia unaeleza zile herufi "Re" ambazo hujitokeza mwanzoni mwa kichwa cha jibu. Wengi hudhani ni kifupi cha neno la Kiingereza la kujibu, kumbe ni Kilatini, na maana yake ni "katika jambo la". Kwa maneno mengine, ni ile "MINT", yaani mintarafu, ambayo kila mwanafunzi wa sekondari huipigia mstari katika insha ya barua rasmi.

"LAKINI NILIBADILISHA KICHWA!"

Hapa ndipo hata wajuzi huteleza. Mtu huchukua barua ya zamani, akabonyeza kujibu, akafuta maneno yote ya zamani, akafuta kichwa na kuandika kingine kipya. Machoni pake hiyo ni barua mpya kabisa. Tatizo ni kwamba KUMB ya zamani bado imo ndani, kwani hakuiona na kwa hivyo hakuifuta.

Kinachotokea baadaye hutegemea programu ya anayepokea, na hilo ndilo linalowachanganya watu. Gmail, iliyoanza tarehe 1 Aprili 2004 na kuwazoesha wengi wetu kuona barua zikiwa zimefungwa pamoja kama mazungumzo, huanzisha uzi mwingine pindi kichwa kinapobadilishwa. Anayetumia Gmail, akimwandikia mwenzake wa Gmail, ataapa kwamba mambo ni sawa. Thunderbird, kwa upande mwingine, hufuata nambari. Kichwa hata ukibadilishe mara tatu, barua itawekwa chini ya ile ya zamani, na ikiwa mwenye tarakilishi alikuwa ameamuru uzi ule upuuzwe, barua yako itapuuzwa pamoja nao.

Anayetuma hana njia ya kujua kila mpokeaji anatumia programu gani. Katika kundi la watu arobaini huenda aina zote zimo.

Amri za kunyamazisha zilibuniwa kwa nia njema. Gmail ikiambiwa inyamazishe mazungumzo, barua zinazofuata ambazo zinatumwa kwa kundi lote hupita kando ya kikasha na kwenda moja kwa moja kwenye hifadhi. Outlook, inayopendwa na maofisi mengi ya hapa jijini, ni kali zaidi. Ukiiambia ipuuze mazungumzo, huyatupa yote katika folda ya vitu vilivyofutwa, pamoja na barua za baadaye za mazungumzo hayo. Mtu aliyechoshwa na sare za harusi ana haki ya kutozisoma. Hawezi kujua kwamba siku moja ugonjwa wa mama yake utapitishwa kwenye mlango ule ule.

Hata ambaye hajanyamazisha chochote anaweza kupotea. Chukua kiongozi wa darasa chuoni anayetaka kuwaarifu wenzake kwamba mtihani wa Jumatatu umehamishiwa ukumbi mwingine. Anajibu barua ya zamani iliyoitwa "Picha za safari ya Naivasha" kwa sababu ina anwani za darasa zima. Mwanafunzi aliyekwisha kuziona picha zile hana sababu ya kufungua barua hiyo tena, hasa anapokuwa anahesabu bando lake la intaneti. Jumatatu asubuhi yeye yuko katika ukumbi wa zamani, peke yake na kalamu mbili.

UVIVU ULIOZALIWA NA SAIBA

Kwa nini basi tabia hii imetushika hivi? Jibu ni fupi: anwani. Hakuna anayependa kuandika anwani thelathini moja baada ya nyingine, na barua ya zamani inazo zote tayari.

Kwa maoni yangu saiba pia zilichangia. Kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka wa 2009, Kenya ilitegemea setilaiti na mawasiliano yalikuwa ya polepole na ya bei. Wengi tulijifunza barua pepe katika vyumba vile vyembamba vya mjini, saa ikihesabu kwenye pembe ya kioo. Hata bei iliposhuka na kufikia shilingi 1 kwa dakika katika saiba nyingi, mtu alitaka amalize upesi. Kubonyeza kujibu kuliokoa dakika tano, na dakika tano zilikuwa nauli ya kukaribia nyumbani.

Siku hizi sababu hiyo imekwisha, kwani orodha ya anwani huandikwa mara moja tu. Katika kitabu cha anwani cha Google, chagua watu unaowataka, wape lebo moja, tuseme "Familia" au "Darasa", uihifadhi. Kuanzia siku hiyo ukianza barua mpya na kuandika jina la lebo mahali pa anwani, wote huingia. Kazi hiyo inamalizika kabla chai haijapoa. Kazi yenyewe ni kukumbuka kuongeza anwani ya shemeji mpya na kuondoa ile ambayo mwenyewe aliisahau neno la siri miaka mingi iliyopita.

MIZIGO ILIYO CHINI

Kuna jambo ambalo naliona zito kuliko hata barua kupotea. Jibu hubeba maneno ya zamani. Programu nyingi huyakunja yasionekane, lakini yamo chini, na anayetaka huyakunjua kwa kidole kimoja.

Katibu wa kamati ya mazishi huenda akatumia barua ya zamani ya ndugu kuwaalika majirani na wafanyakazi wenzake wa marehemu. Chini ya mwaliko huo kuna mabishano ya shamba, jina la maradhi yaliyomuua marehemu, kiasi ambacho kila ndugu alitoa na kile ambacho fulani alikataa kutoa. Msiba unakuwa na watazamaji. Mzazi huandikia wazazi wa darasa zima, na chini yake kuna barua ya mwalimu kuhusu karo ya mtoto mmoja. Hakuna kuomba radhi kunakoweza kuirudisha barua hiyo. Gmail humpa mtumaji nafasi ya kutengua kwa muda wa kati ya sekunde 5 na 30, kadiri alivyochagua, na baada ya hapo ni yaliyopita.

Tangu Novemba 2019 Kenya ina Sheria ya Kulinda Data, na mashirika yameanza kuchunga wanavyosambaza habari za watu. Nyumbani na katika vyama vyetu vidogo hatuna afisa wa kutuchunga. Barua inayoanzwa upya haina mkia, na hiyo peke yake ni sababu ya kutosha.

KICHWA KINACHOSEMA

Ukishaanza upya, utakutana na nafasi tupu ya kichwa, na hapo napo watu wengi hushindwa. "Mkutano" si kichwa. Wala "Muhimu", wala "Haraka!!!" yenye alama tatu za mshangao. Waraka nambari 1855 wa Oktoba 1995, ulioandikwa na Sally Hambridge wa kampuni ya Intel kuhusu adabu za mtandao, unataka kichwa kionyeshe yaliyomo ndani ya barua, na sijaona ushauri ulioupita.

Dada yetu wa mfano angeandika hivi: "Mama amelazwa: malipo kabla ya Ijumaa". Kiongozi wa darasa: "Mtihani wa Jumatatu saa tatu: ukumbi umebadilishwa". Neno zito liwe mwanzoni, kwa sababu simu nyingi huonyesha maneno machache ya kwanza na kukata yaliyobaki. Mtu akiisoma arifa hiyo akiwa amesimama ndani ya matatu, tayari amejua la kufanya hata kabla ya kuifungua.

Na barua moja iwe na jambo moja. Ukichanganya upasuaji wa mama na paa linalovuja, utajibiwa kuhusu paa.

Sasa nisije nikaeleweka vibaya. Wako wale ambao wakishaonywa huvuka mpaka na kuanza barua mpya kwa kila neno. Huyu anaulizwa kama atafika Jumamosi, anaandika barua mpya isiyo na kichwa: "Sawa, nakubali." Anakubali nini? Aliyeuliza alikuwa amewauliza watu ishirini mambo matatu. Ikiwa unaendeleza jambo lililokuwa likizungumzwa, jibu pale pale, ili atakayekuja baadaye ayakute yote mahali pamoja. Katibu anayetaka kujua chama kiliamua nini kuhusu ploti ya Kitengela hatakiwi kuokota vipande tisa kutoka pembe tisa.

Kipimo changu ni hiki: mtu ambaye hajaisoma barua iliyotangulia akiielewa yako bila shida, basi aghalabu yako ni mpya na inastahili kuanzwa upya. Asipoielewa, hilo ni jibu.

Lipo pia jambo la katikati, nalo ndilo gumu. Mazungumzo ya sare yameanza vizuri, halafu katikati yakageuka kuwa ya viti na mahema. Hujaanzisha jambo jipya kabisa, lakini kichwa kimekuwa cha uongo. Wazee wa mtandao walikuwa na desturi yao nzuri, ambayo mpaka sasa wengine wanaifuata. Hujibu, wakabadilisha kichwa, na kuacha cha zamani kwenye mabano: "Viti na mahema (zamani: Sare za harusi)". Msomaji huona mahali jambo lilikotoka na linakokwenda. Na yanapojibiwa mara nyingi mno, heri kuyafunga na kuanza upya kwa muhtasari mfupi. Gmail yenyewe huyakata mazungumzo yanapopita barua 100, na kipande kinachofuata huanza bila wewe kupanga.

IKIWA IMEKWISHA KWENDA

Mtu akigundua kwamba ametuma habari mpya chini ya barua ya zamani, asiijibu tena barua ile ile akisema "Samahani, nilikosea." Hilo nalo litafuata nambari zile zile hadi mahali pale pale. Na aanze barua mpya, aandike kichwa kinachofaa, abandike habari yake yote, na juu aweke mstari mmoja: "Habari hii niliituma jana chini ya Sare za harusi. Tafadhali jibuni hapa." Waliokwisha kujibu watamvumilia.

Kwa jambo la hospitali au la mazishi, baada ya kutuma apige simu pia. Barua pepe haijawahi kuahidi kwamba imesomwa.

Nao wanaopokea wanaweza kukagua yaliyojificha. Katika Gmail, nenda kwenye nafasi ya kutafutia barua, andika is:muted bila kuacha nafasi katikati, kisha utafute. Mazungumzo yote uliyowahi kuyanyamazisha yatajipanga mbele yako, hata yale uliyoyasahau. Fungua kila moja uangalie barua ya mwisho iliandikwa lini na inasema nini. Anayetumia Outlook aanzie kwenye folda ya vitu vilivyofutwa, na afanye hivyo mapema, kwa sababu tarakilishi nyingine zimepangwa kuimwaga folda hiyo kila programu inapofungwa.